Miguu ya Datsun

Waswahili husema mchagua jembe si mkulima. Mwalimu alipotufundisha methali hiyo katika mwaka wa kwanza niliikubali bila swali, kwa sababu mimi ni mtoto wa Kikuubo, na Kikuubo hakuna nafasi ya kusimama na kuchaguachagua. Mteja hutaja anachotaka, huhesabu fedha, mzigo hupanda kichwani mwa mchukuzi, na anayefuata husogea. Lakini mwaka jana nilitumia wiki sita kuchagua matairi, rimu, shokapu na springi za gari moja kuukuu, na tangu wakati huo nina ugomvi mdogo na wahenga. Insha hii inahusu ugomvi huo.

Kwa msomaji asiyeijua Kampala: kikuubo kwa Kiganda ni kichochoro, na ndivyo palivyo. Ni njia nyembamba karibu na kituo cha zamani cha taksi, yenye maduka ya jumla pande zote mbili. Sukari, sabuni, mchele, mafuta ya kupikia, viberiti na madaftari ya shule huingia hapa kwa malori na kutoka kwa vichwa vya watu. Wateja wanatoka Arua, Mbale na Kabale. Wengine wanatoka Juba, Bunia na Goma. Mama yangu ana duka la sukari na sabuni hapo, dogo kiasi kwamba magunia yakijaa yeye hukaa nje. Kiswahili chake alikipata kwa Wakongo, akipima na kuhesabu. Mimi nakisoma chuoni. Huwa ananitania kwamba mimi nina ngeli na yeye ana wateja.

Gari lenyewe ni Datsun 160J ya rangi ya maziwa. Lilikuwa la babu, mzaa mama. Alilinunua likiwa limeshatumika, katikati ya miaka ya 1980, na sababu yake haikuwa ya kiuchumi hata kidogo. Babu alikuwa mpenzi wa mashindano ya magari ya Safari, ambayo yalipoanza mwaka 1953 yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Dereva aliyempenda kuliko wote ni Shekhar Mehta, aliyezaliwa Kampala mwaka 1945. Familia ya Mehta iliondoka Uganda mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia. Yeye akahamia Kenya, na mwaka uliofuata akashinda Safari akiendesha Datsun 240Z. Kisha akashinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, zote kwa Datsun, na mara mbili za kwanza alitumia 160J. Babu alipenda kusema kwamba mwaka 1979 Amin aliondoka Kampala na Mehta akashinda Safari ndani ya wiki moja, na kwamba habari zote mbili alizisikia kwa Kiswahili redioni.

Babu alipofariki, gari lilibaki chini ya mfenesi nyumbani kwetu Nateete kwa miaka tisa. Kuku walitaga ndani yake. Hatukuliuza, ingawa walikuja watu waliotaka kulinunua kama chuma chakavu. Mama alipoanza biashara, magunia yake ya kwanza ya sukari yalibebwa na Datsun hiyo, na nadhani hakuweza kuiona ikikatwa vipande.

Mwaka jana dada yangu mkubwa alipata mchumba, na siku ya kwanjula ikapangwa. Kwanjula ni sherehe ya Waganda ambapo msichana huwatambulisha wakwe kwa ukoo wake. Ilikuwa ifanyike kijijini kwetu, karibu na Masaka, kilomita kama 130 kutoka Kampala. Mama akasema, “Dada yako atakwenda na gari la baba yangu.” Fundi mmoja mzee wa Ndeeba akafufua injini na kutengeneza breki. Kisha Mama akanikabidhi shilingi 2,400,000, zikiwa zimefungwa kwa mpira, noti nyingi zikiwa ndogo ndogo, akasema hizo ni za miguu ya gari. Mimi ndiye niliyekuwa na leseni, kwa hiyo mimi ndiye ningeendesha, na mimi ndiye ningechagua.

Sasa niseme ukweli: kwa siku kumi za mwanzo nilichagua kwa macho.

Mdogo wangu wa kiume ana simu iliyojaa video za magari ya Kimarekani ya zamani, hasa Mustang, ambazo Ford ilianza kuziuza mwaka 1964. Ni magari mazuri, siwezi kukana. Yamelala chini, rimu zake ni pana na zinang'aa, na injini zake zinanguruma kama mashine ya kusaga. Mdogo wangu alitaka Datsun ya babu ifanane nayo: rimu za aloi za inchi 15, matairi mapana na membamba ubavuni, na springi zikatwe ili gari lishuke. “Wakwe watakuja na magari makubwa,” aliniambia. “Sisi tutafika na hizi rimu za chuma zenye kutu?” Swali hilo liliniuma. Nilifikiria picha zitakazopigwa. Nilifikiria shangazi zangu.

Nikaenda Kisekka, soko la vipuri, ambalo halina umbali mrefu kutoka dukani kwa Mama. Kwa msichana, Kisekka ni mahali pa kuitwa kutoka kila upande. Kila mmoja anajua gari lako kabla hujalitaja. Nilimwonyesha muuzaji mmoja rimu kuukuu ya Datsun niliyoibeba katika mfuko wa sukari. Akapima matundu, akaniletea rimu nne za aloi za inchi 15, zimeng'arishwa mpaka niliona uso wangu. “Zinaingia, nyabo,” alisema. “Matundu manne, na gari lako matundu manne.” Nililipa shilingi 750,000. Nilirudi kwa boda boda, rimu mbili mbele ya dereva na mbili mapajani mwangu, nikijiona nimeshinda Safari.

Fundi wa Ndeeba hakusema neno. Alifunga rimu moja mbele, akakaza nati, akaniambia niizungushe kwa mkono. Ikakwaruza chuma na kusimama.

Mzee huyo aliishi Nairobi miaka ya Amin, akafanya kazi gereji huko, na ufundi wake wote umo katika Kiswahili. Akinieleza jambo la gari huliacha Kiganda kabisa. “Binti,” alisema, “huyo muuzaji hakukudanganya matundu. Matundu ni sawa.” Matundu manne ya Datsun yamepangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 114.3, na kuna magari ya baadaye ya Kijapani yenye kipimo hicho hicho. Rimu zangu zilitoka kwenye gari la namna hiyo. Tatizo lilikuwa mahali ambapo rimu hugusana na ekseli. Kwenye Datsun, ambayo husukumwa na magurudumu ya nyuma, uso huo wa kugusana uko karibu na katikati ya upana wa rimu. Kwenye magari mengi ya siku hizi, yanayovutwa na magurudumu ya mbele, uso huo umesogezwa upande wa nje. Ukiifunga rimu ya namna hiyo kwenye Datsun, gurudumu lote huingia ndani, na hapo hukutana na mguu wa shokapu. Mafundi huita kipimo hicho ofseti. Mzee alilaza mti ulionyooka juu ya ukingo wa rimu yangu, akapima kina kwa rula, kisha akafanya hivyo kwa rimu ya zamani. Tofauti ilizidi inchi moja.

Nilirudi Kisekka. Muuzaji akasema jambo hilo si kubwa, ataniuzia sahani za chuma za kuweka katikati ili gurudumu litoke nje. Nikampigia mzee simu. Akaniuliza kama boliti nazo zitarefuka zenyewe. Sahani ile ingekula urefu wa boliti, na nati zingeshika nyuzi chache tu za mwisho. “Na nani atakuwa ndani ya gari?” aliuliza. Sikujibu. Muuzaji akakubali kuzichukua rimu zake na kunirudishia shilingi 600,000. Shilingi 150,000 zilibaki kwake, na mimi nikabaki na kazi ya kumweleza Mama.

Nilimkuta dukani jioni, anakagua magunia yaliyoingia. Nilimwambia yote, pamoja na habari ya picha na shangazi. Nilitegemea makelele. Faida ya mfuko mmoja wa sukari kwa jumla ni ndogo sana, na nilikuwa nimeshaanza kuhesabu kichwani ni mifuko mingapi nimeipoteza. Mama hakupiga kelele. Alikunja mkono wa blauzi akanionyesha kovu lake, lile linalotoka kiwikoni hadi karibu na bega. Tangu utoto nilijua lilitokana na ajali ya taksi, lakini hakuwahi kuniambia zaidi ya hapo.

“Tairi la nyuma lilipasuka tukitoka Masaka,” alisema. “Asubuhi yake nililiona lile tairi. Nilisimama karibu nalo nikisubiri kupanda. Lilikuwa jeusi, linang'aa, lina mistari safi. Nikasema moyoni, leo nimepata taksi yenye matairi mapya.” Baadaye, hospitalini, mtu alimweleza kwamba tairi lilikuwa limekwisha, likachongwa mistari upya kwa kisu cha moto, kisha likapakwa dawa nyeusi. Kuchonga mistari huondoa hata ule mpira mdogo uliobaki juu ya nyuzi za ndani. Watu wawili walifariki katika taksi hiyo. Mama alikuwa na mimba yangu.

Kisha akaniita kwenye magunia. “Ukinunua gunia unafanya nini kwanza?” Nilijua jawabu, nimelisikia tangu nikiwa mdogo: kwanza unaliinua, ujue uzito. Halafu unaangalia mshono, ujue kama lilifunguliwa likashonwa tena. Halafu unachoma kidogo unaonja. Maandishi ya nje unayasoma mwisho, kwa sababu mfuko mzuri kila mtu anaweza kuchapisha. “Basi,” alisema, “na gari ni hivyo.” Nikakumbuka methali nyingine tuliyofundishwa, uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Niliwahi kuiandikia insha nikapata alama nzuri, na bado nilikwenda Kisekka kununua mkakasi.

Kesho yake nilimwomba mzee tuanze upya, kuanzia kwenye kile kinachobeba hadi kwenye kile kinachoonekana. Alitabasamu kwa mara ya kwanza. Tuliliinua gari kwa jeki, akanipa nondo fupi.

Cha kwanza kilikuwa bushi. Hizi ni mpira mdogo uliokaa mahali chuma kinapokutana na chuma, kwenye mikono inayoshika magurudumu. Kwa miaka tisa chini ya mfenesi, mpira wa Datsun ulikuwa umekauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Nilipoingiza nondo na kusukuma, mkono wa chini wa gurudumu ulicheza. Boli jointi moja nayo ilikuwa imelegea, na ncha za tai rodi, zile zinazopeleka amri ya usukani kwenye magurudumu. Mzee alinieleza kwamba gari la namna hiyo ukilivisha hata matairi ya ndege bado litayumba, kwa sababu gurudumu halijui linatakiwa kuelekea wapi. Bushi, boli jointi na ncha za tai rodi: shilingi 380,000. Hakuna mtu atakayeziona kamwe.

Cha pili kilikuwa shokapu. Kabla ya hapo nilidhani shokapu ndiyo inayobeba gari. Sivyo. Springi ndiyo inayobeba. Shokapu inaizuia springi isiendelee kurukaruka. Mzee aliniambia niegemee pembe ya gari kwa uzito wangu wote kisha niachie. Gari zima hupanda, hushuka na kutulia. Datsun yetu ilicheza mara nne kama kitanda cha watoto. Gurudumu linaloruka hivyo kila mara linaachana na barabara kidogo, na gurudumu lililo hewani halina breki wala usukani. Shokapu za mbele za gari hili zimo ndani ya mguu wenyewe, zimezungukwa na springi. Za nyuma zimesimama peke yake. Nne mpya: shilingi 720,000. Niliuliza kama tungeweza kununua mbili tu. Akaniuliza kama Mama anaweza kupima sukari kwa mizani yenye sahani moja nzima.

Cha tatu kilikuwa springi, na hapo palikuwa na vita na mdogo wangu. Za mbele zilikuwa nzima. Za nyuma zilikuwa zimelala, zimechoka kwa magunia ya Mama ya miaka ile. Mdogo wangu aliona ndiyo nafasi ya kukata zote ili gari lishuke kama la mashindano. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, halafu akamwuliza, “Mashindano gani, kijana?” Magari yale ya video yanakwenda kwenye lami pana na iliyonyooka, mbio zao maarufu ni robo maili, mita 400 hivi, mstari mmoja. Lakini 160J ya Mehta ilishindana kwenye matope, mawe na mashimo ya Afrika Mashariki, na magari ya Safari yaliinuliwa juu na kuimarishwa. Hayakushushwa. Springi ikikatwa inakuwa fupi na ngumu, na gari likiinuka kwenye shimo springi inaweza kuachana na kikalio chake. Gari lililoshushwa Nateete lingekwaruza tumbo kwenye tuta la kwanza. Mdogo wangu, ambaye anamheshimu marehemu babu kuliko mtu yeyote, alinyamaza. Tulinunua springi mbili mpya za nyuma, urefu wa kawaida: shilingi 260,000.

Sasa yakaja matairi. Nilikuwa nimejifunza kusoma ubavu wa tairi kama Mama anavyosoma mshono. Matairi ya asili ya gari letu leo yanaandikwa 165/80 R13. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili inasema urefu wa ubavu ni asilimia 80 ya upana huo, yaani milimita 132. Ya tatu ni ukubwa wa rimu kwa inchi. Nikakaa dukani, nyuma ya magunia, nikapiga hesabu ya yale niliyokuwa nimeyatamani, 195/50 R15. Ubavu wake ni milimita 97 na nusu tu. Shimo la barabarani hupigwa kwanza na ubavu wa tairi. Ukiwa mfupi, kinachofuata ni rimu. Tena tairi hilo, ingawa rimu yake ni kubwa, kwa jumla ni fupi: kipenyo chake ni milimita 576, na la asili ni 594. Gari lingeshuka na kipima mwendo kingedanganya.

Mwuza matairi niliyemwendea ni Mkongo, mteja wa zamani wa Mama. Alikuwa na matairi ya mitumba kutoka Japani kwa nusu ya bei, na mistari yake bado mirefu. Nililigeuza moja nikatafuta namba nne zilizofungiwa kwenye umbo la yai, mwishoni mwa maandishi ya ubavuni. Zilisema 3412. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: wiki ya 34 ya mwaka 2012. Mpira huzeeka hata ukikaa bila kutumika. Nilipobonyeza kwa ukucha haukurudi, na kwenye mikunjo niliona nyufa nyembamba kama nywele. Yule mwuzaji aliniangalia nikifanya hivyo, akacheka. “Mama, wewe iko mtoto wa Kikuubo kweli,” alisema. “Hii ya zamani uache. Kuja huku.” Akaniletea mapya ya 165/80 R13, yaliyotengenezwa mwaka huo huo. Ubavuni mwake palikuwa na namba nyingine, 83. Hiyo ni ya mzigo: kila tairi linaweza kubeba kilo 487. Manne: shilingi 660,000.

Nilipomweleza Mama habari ya ile 83, alichukua kalamu akazidisha kwa nne. Kilo 1,948. Kati ya yote niliyomsimulia kuhusu gari, hilo ndilo lililomfurahisha. Alitaka kujua kwa nini wasiandike kilo zenyewe.

Kazi ya mzee ilikuwa shilingi 150,000, na kupima mwelekeo na mizani ya magurudumu shilingi 60,000. Zilibaki 20,000. Kwa hizo nilinunua msasa na kopo la rangi ya fedha. Mimi na mdogo wangu tulikaa uani siku mbili, tukasugua kutu kwenye rimu za chuma za babu za inchi 13 na kuzipaka rangi. Hazikuwa kioo. Lakini zilikuwa safi, na ofseti yake ilikuwa ile iliyokusudiwa.

Tuliondoka Nateete saa kumi na moja alfajiri, siku ya kwanjula. Dada alikaa mbele na gomesi yake ikiwa imefungwa kwenye mfuko, Mama na mdogo wangu nyuma, buti imejaa. Tulipita Mpigi kukiwa bado na ukungu. Tulivuka Ikweta pale Kayabwe jua likiwa limechomoza. Baada ya hapo barabara hupita kwenye bwawa la Lwera, nyasi na maji pande zote mbili, na malori ya mchanga huingia na kutoka. Lori moja lililokuwa mbele yetu lilisimama ghafla bila taa. Nilikanyaga breki na kukata usukani kulia. Kwa bahati upande huo ulikuwa mtupu. Gari liliinama, likapita, nikalirudisha, likainuka mara moja na kutulia. Hakuna aliyesema kitu. Nilisikia pumzi yangu mwenyewe. Kwenye kioo niliona Mama ameshika kiwiko chake.

Siwezi kudai kwamba zile rimu za aloi zingetuua. Hilo ni jambo la kukisia, na huenda mwenye mkono mzuri kuliko wangu angepita hata na bushi zilizokufa. Ninachojua ni kwamba nilipokata usukani, gari lilikwenda nilikolielekeza.

Sherehe ilikwenda vizuri. Wakwe walikuja na magari makubwa, kama ilivyotabiriwa. Shangazi mmoja aliuliza kwa nini gari limepakwa rangi kwenye magurudumu tu. Mzee mmoja wa upande wa wakwe alilizunguka Datsun mara mbili, akagusa paa, akauliza kama bado tunakumbuka Mehta. Mdogo wangu ndiye aliyemjibu, na waliongea mpaka chakula kikapoa. Katika picha magurudumu hayaonekani. Mbele yake wamesimama watoto.

Jioni tulirudi, bila dada, ambaye alibaki kijijini na shangazi. Mama alikaa mbele. Kwa miaka yote niliyosafiri naye, sijawahi kumwona akilala garini. Hukaa wima, mkoba mapajani, macho barabarani, hata usiku. Tulipopita Lukaya niligeuka kumwuliza kama anataka gonja za kuchoma. Alikuwa amelala, kichwa kimeegemea mlango, mdomo wazi kidogo. Sikusimama. Niliendesha polepole mpaka Nateete, na hakuamka hadi nilipozima injini chini ya mfenesi.

Basi, kuhusu wahenga. Najua maana ya methali yao: mtu anayetaka kulima hatafuti visingizio vya jembe. Katika kazi nyingi naiamini. Hata hivyo, kuna jembe ambalo watu wengine watalipanda, watakaa ndani yake na kufumba macho. La namna hiyo lichaguliwe, tena kuanzia chini, kama Kikuubo wanavyochagua gunia.

Mdogo wangu bado anatafuta rimu za inchi 14. Ameanza kubeba rula.